Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto

Mwezi huu twataka kunena habari za tumaini letu, ya kwamba Mungu ataufanya ulimwengu kuwa mpya, na haki itapata makao ndani yake. Tumaini hili sote twalipenda. Lakini nabii Amosi atuuliza: Je, mmejiweka tayari kwa siku ile?

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa katika Yuda, tena mtunza mikuyu. Yapata mwaka 760 kabla ya Kristo, Mungu alimtuma kwa watu wa Israeli, upande wa kaskazini, zamani za mfalme Yeroboamu wa Pili. Matajiri walikuwa na nyumba za mawe na vitanda vya pembe za ndovu, na ibadani nyimbo hazikukoma. Watu wale nao waliitamani siku ya Bwana. Amosi akawaambia ya kuwa kwao itakuwa giza.

Kwa nini? Someni sura ya 8. Wafanya biashara walingoja kwa hamu Sabato ipite, wapate kufungua ghala. Efa ya kupimia ngano waliipunguza, na jiwe la shekeli wakaliongeza uzito. Siku zile fedha ilipimwa kwa mizani. Basi maskini alinyang'anywa mara mbili katika ununuzi mmoja: alipata ngano kidogo, akatoa fedha nyingi.

Tuliposoma sura hiyo nyumbani mwetu jioni moja, moyo ulituchoma. Mwaka wa njaa mjane jirani alikuja kukopa mahindi. Tukampimia vibaba vinane vya mfuto, tukipitisha kijiti juu ya kila kimoja. Alipovuna akaja kulipa, nasi tukapokea vibaba vinane vya tele, wala hatukusema neno. Hesabu ilikuwa nane kwa nane. Hakuna mzee wa baraza ambaye angetuhukumu.

Kulipokucha tukajaza kikapu, tukaenda kwake kuungama. Hakushangaa. Akasema, "Nalijua, Mwalimu. Nalinyamaza kwa sababu huenda nitakuja kukopa tena." Maneno hayo yalituuma kuliko karipio. Kumbe mara ngapi maskini hunyamaza, nasi twadhani ameridhika!

Ndugu, ulimwengu mpya hatuwezi kuuleta kwa mikono yetu. Ni kazi ya Mungu. Lakini Amosi amalizapo kitabu chake, aonyesha magofu yakijengwa, na watu wakipanda mizabibu na kunywa divai yake wao wenyewe. Ikiwa hayo ndiyo tuyangojayo, yatupasa tangu leo kumwachia mjane ale alichokipanda. Amngojaye mfalme mwenye haki hafichi kibaba chake siku ya kuja kwake.

Basi, akina baba na akina mama, kitazameni kipimo cha nyumbani. Mkikopesha, pimeni tele. Mkilipwa, pokeeni mfuto. Nanyi walimu, wapeni watoto Walawi 19, mstari wa 35 na wa 36, kisha waulizeni: Ni nani katika mtaa wetu anyamazaye kwa kuwa atakuja kukopa tena?

Bwana atupe mioyo iliyo sawa. Amina.