Usijenge Duka Lako Lote kwa Ploti ya Mtu



Wiki jana dada mmoja wa kanisa letu alikuja ofisini akilia. Yeye hushona sare za shule na nguo za harusi. Kwa miaka minne ameweka video za kazi yake kwa mtandao mmoja tu, na wateja walikuwa wanakuja. Asubuhi moja akapata akaunti imefungwa. Hakuambiwa kosa lake. Video zimeenda, na wateja hana namba zao. Akaniuliza, "Pasta, Mungu ameniacha?"

Hapana. Mungu hajamwacha. Lakini alikuwa amejenga duka kwa ploti ya mtu, na mwenye ploti akafunga geti.

Mambo haya si mapya. Vine, mtandao wa video za sekunde 6, ulifungwa Januari 2017. Juni 2020 serikali ya India ilipiga TikTok marufuku, na waliokuwa wakitangaza biashara huko peke yake wakabaki bila uwanja.

Soma Mhubiri 11:2. Mhubiri anatushauri tugawe fungu letu mahali saba, hata nane, kwa kuwa hatujui ni baya gani linakuja. Hiyo si kukosa imani. Hiyo ni hekima.

Kwa hivyo video unayoweka YouTube au TikTok, iweke pia Dailymotion au Vimeo. Utasema, "Pasta, huko watu ni wachache." Ni kweli. Lakini Vimeo haitangulizi tangazo la mshindani wako mbele ya video yako, na linki yake unaweza kumtumia mteja kwa WhatsApp. Wewe hutafuti umati. Unatafuta mama mmoja anayetaka gauni.

Tena, hifadhi video zako kwa flash, na namba za wateja uziandike kwa daftari.

Ila chunga. Kuna mitandao inayopokea kila uchafu. Usipeleke jina lako huko. Wala usinunue watazamaji wa uongo. Mithali 11:1 inasema wazi vile Bwana anavyoiona mizani ya udanganyifu.

Vijana wetu wanamsaidia dada huyu kuanza upya. Wewe usingoje kulia. Leo jioni, kabla ya kulala, hamisha hata video moja.

Mungu abariki kazi ya mikono yako. Kama umepokea, sema Amina, na umtumie mwenzako anayeuza mtandaoni.