Tembea Naye Mkitafuta



Kila wiki kliniki nawaambia wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari maneno yaleyale: "Mama, tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki." Nao huitikia, "Ndiyo, sista." Mwezi unaofuata mizani husema hawakutembea. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikihubiri kutembea huku napanda daladala vituo viwili. Kutembea bila sababu ni kazi. Bali mtu akiwa na kitu anachokitafuta, miguu husahau kuchoka.

Hayo niliyafahamu mtoto wa dada yangu, anayesoma Ujerumani, alipokuja nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku ya tatu aliniambia, "Mama mdogo, twende tukatafute kisanduku." Nikadhani amepoteza mzigo wake njiani.

MCHEZO WENYEWE

Kumbe ni mchezo, nao huitwa jiokashingi. Mtu huficha kisanduku kisichoingia maji, chenye daftari dogo na penseli. Kisha hutangaza kwenye intaneti vipimo vya mahali alipokificha. Mwingine huviingiza katika simu yake, nayo kwa msaada wa setelaiti humwongoza hadi karibu na hapo. Mita chache zilizobaki ni kazi ya macho. Akikipata, huandika jina lake na tarehe, akakirudisha palepale. Ukichukua kijizawadi kilichomo, kama shanga au kigari cha mtoto, wewe nawe huacha kingine chenye thamani hiyo au zaidi.

Mchezo ulianzia Marekani. Hadi mwaka 2000, serikali ya huko ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za setelaiti zake kwa watu wa kawaida, hata chombo kikaweza kukosea kama mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa usiku wa Mei 1. Siku mbili baadaye, Mei 3, Bwana Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ndani yake mkiwa na vitabu na mkebe wa maharage. Leo visanduku vimepita milioni tatu duniani. Ujerumani ni moja ya nchi zenye vingi sana. Hata kwetu Tanzania na Kenya vipo, ingawa ni vichache.

ALICHONIAMBIA MWANANGU

Tulikwenda watano, pamoja na mwanangu wa kati mwenye miaka 14. Tangu arudi kutoka shule ya bweni alikuwa hasemi ila "Naam, mama" na "Hapana, mama." Baba yake alisema ni umri. Mimi nilimpima malaria, nikampa dawa ya minyoo, nikamuuliza mezani mara tatu. Hakuna nilichopata.

Siku ile alikabidhiwa simu atuongoze. Simu ilipotuambia tumefika, tuliinama vichakani mimi na yeye, wengine wakazunguka upande wa pili. Tulipita mti uleule mara tatu. Ghafla, macho yake yakiwa chini, akasema, "Mama, sitaki kurudi bweni lile."

Nusura nisimame nimkazie macho. Nikajizuia. Nikaendelea kupekua majani kwa fimbo yangu, nikamuuliza taratibu, "Kuna nini, baba?" Akanieleza kidogokidogo, mti hadi mti, jinsi wavulana wakubwa walivyokuwa wakimnyang'anya vitu na kumpiga usiku tangu muhula wa pili. Hakuniangalia hata mara moja, nami sikumlazimisha.

Kisanduku alikiona yeye, chini ya mawe kwenye shina la mkuyu. Aliandika majina yetu wote kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa madaftari yake. Jioni ile nilimweleza baba yake, na shule ilipofunguliwa tulikwenda wawili kuonana na mkuu. Sasa anasoma shule ya kutwa, anarudi nyumbani kila jioni. Bado si msemaji, lakini anacheka.

Sisemi mchezo huu ni dawa. Nasema mtoto wa umri ule huogopa kutazamwa usoni anapotoa jambo zito. Mkitazama chini wote wawili, mkitafuta kitu kimoja, ulimi wake hufunguka.

MAJIRA YA KUTOKA

Wachezaji wa nchi nyingine huenda na majira. Tangu mwaka 2002 wana matembezi ya kutafuta visanduku na kuokota takataka kwa pamoja. Jumamosi ya tatu ya Agosti huadhimishwa duniani kuwa siku ya mchezo huu. Huko Ujerumani wapo wanaoficha visanduku 24 vya Majilio, kimoja kwa kila siku hadi mkesha wa Krismasi.

Kwetu masika si wakati wake, kwa matope na majani marefu. Likizo ya Juni ni njema: jua si kali na njia zimekauka. Nanyi msio na simu za namna hiyo msijinyime. Juni iliyopita nilificha makopo matano ya biskuti katika shamba la babu yao, na kila kopo lilikuwa na kitendawili cha kuelekeza kwenye lingine. Jibu likiwa mgomba, wote mbio migombani. Bibi yao, mwenye miaka 71, aliwashinda wote kwa vitendawili.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, usiingize mkono mtupu shimoni au chini ya jiwe. Tanguliza fimbo, na vaeni viatu vya kufunika miguu. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Mtulize, mvue pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi.

Pili, ndani ya kisanduku msiweke chakula, kwa maana wanyama hunusa. Wala msiweke dawa, viberiti au visu.

Tatu, ombeni ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuficha. Msikaribie reli, kituo cha polisi wala kambi ya jeshi, na kisanduku kiandikwe wazi ni cha nini. Sisi wenyewe tulihojiwa na mlinzi, maana watu wazima walioinama kando ya ua wa mtu hawafanani na wachezaji.

Nne, bebeni maji na kofia, mwageni nyumbani mnakokwenda, na kila mtoto mdogo awe na mkubwa wake.

Mama mpendwa, kama yupo mtoto nyumbani mwako aliyenyamaza, usimkalishe kitini kama yuko mahakamani. Mpe kitu cha kutafuta, tembea ubavuni mwake, nawe unyamaze kidogo. Na ile nusu saa yako ya kutembea utakuwa umeipata bila kuihesabu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.