Kompyuta Isiyoona Mtandao

Katika nyumba nyingi za kambini kompyuta si pambo la mezani. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani, na kwa familia iliyobaki nyumbani, chombo hicho ni njia ya watoto kuuona uso wa baba yao. Ndiyo maana kinapoacha kuonyesha mtandao wowote usio na waya, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi, na upesi hupelekwa kwa fundi.

Haraka hiyo ina hasara mbili. Fedha huweza kulipwa kwa kosa lisilo la kompyuta, na picha na barua za familia huachwa mikononi mwa mtu asiyejulikana. Kwa nyumba ya askari, hasara ya pili ndiyo kubwa.

Yafaa kwanza kujua ugonjwa uko wapi. Simu na iwekwe kando ya kompyuta. Ikiwa simu nayo haiuoni mtandao, kompyuta haina hatia. Na itazamwe ruta, yaani kisanduku kinachotoa mawimbi: je, kina umeme? Kizimwe nusu dakika, kiwashwe tena, kisha kisubiriwe dakika chache.

Simu ikiona na kompyuta isione mtandao wowote, kosa li katika kompyuta. Na itazamwe kama hali ya ndege imewashwa, kwani hufunga mawimbi, na kidole cha mtoto chatosha kuiwasha. Kompyuta nyingine zina swichi ndogo ubavuni kwa kazi hiyo. Baadaye izimwe na kuwashwa upya. Ikishindikana, na ifunguliwe orodha ya vifaa vyake. Kadi ya mtandao ikiwa imezimwa, iwashwe. Ikiwa na alama ya mshangao, draiva yake, yaani programu inayoiendesha, iwekwe upya. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB huweza kuipa kompyuta intaneti kwa kazi hiyo.

Huenda pia kompyuta ikaona mitandao ya majirani na kuukosa wa nyumbani. Ruta nyingi hutumia gigahezi 2.4 au 5, na kompyuta nyingi za zamani husikia 2.4 peke yake. Tena, Marekani kwa kawaida hutumia chaneli 1 hadi 11, hali nchi nyingi huruhusu hadi 13. Hivyo kompyuta ya soko la Marekani huenda isiione chaneli ya 12 au 13. Dawa ni kuiweka ruta katika gigahezi 2.4, chaneli ya 1, 6 au 11.

Kadi isipoonekana kabisa katika orodha, hapo fundi na aitwe. Lakini picha na barua zihifadhiwe kwanza kwenye flashi, kisha ziondolewe katika kompyuta, na fundi afanye kazi mbele ya mwenye nyumba. Ajuaye ugonjwa ulipo hanunui dawa ya kiungo kizima.