Ziara ya Mafunzo Haianzii Ng'ambo

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa kigeni, akiwa safarini, alishuka katika korongo la Isimila, karibu na Iringa, akaokota zana za mawe za kale. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell alifukua mahali hapo, na Isimila ikaingia vitabuni. Wenyeji walilijua korongo lile tangu zamani. Mgeni alikuja na swali, akaondoka na ushahidi.

Ziara zetu nyingi, kwa maoni yangu, ni matembezi tu: watoto hupanda gari, huimba, hula maandazi, hurudi. Mwalimu atakayepangiwa Nyololo asisingizie ukosefu wa nauli. Mabondeni kuna vinyungu, bustani zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi; vilimani kuna misonobari na mikaratusi. Wanafunzi wa darasa la tano waulizwe: mikaratusi ikipandwa kando ya chemchemi, kinyungu kilicho chini yake kitapata maji kiasi gani? Wapime kina cha maji mwezi Juni, wapime tena Oktoba, wamhoji mwenye bustani, wabishane.

Suala hili si dogo. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, hasa kwa sababu ya matumizi ya maji huko Usangu.

Na mgeni wa ng'ambo akifika shuleni kujifunza habari za mazingira, watoto ndio wamwongoze, daftari la vipimo vyao likiwa mkononi.