Sauti Yapita, Mwenyewe Azuiwa

Nilipanda matatu Kitale kwenda Bungoma, na tulipopita Kiminini kijana aliyeketi ubavuni mwangu akafungulia muziki katika simu yake. Gitaa lilikuwa la benga, halina shaka. Lakini nyuma yake likasikika jingine, la kukwaruza, lisilo la huku. Nikamwuliza, "Mwanangu, ni nani hawa?"

"Extra Golden, mzee. Wajaluo na Wazungu."

Kisa chao nakijua, na ningependa wasomaji wangu wa Pwani wakijue. Ian Eagleson, Mmarekani, alikuja Nairobi kusomea benga, akasuhubiana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa. Mwenziwe, Alex Minoff, aliyepiga pia katika Weird War, kundi lenye damu ya panki, ule muziki wa makelele na hasira, akamfuata. Kwao walikuwa na kundi liitwalo Golden. Basi jina jipya likaungwa, Extra ya hawa na Golden ya wale. Sahani ya kwanza, Ok-Oyot System, yaani "si rahisi", ilirikodiwa Nairobi ikatoka 2006. Otieno hakuiona. Alifariki 2005.

Tusiubeue mchanganyiko huu. Juma Bhalo alituliza kwa mahadhi ya Kihindi, na nani alimwambia kapotea?

Linaloniuma ni jingine. Wamarekani walipotaka kuja, walikuja. Wenyeji wao walipoalikwa Chicago mwaka 2006, visa ikawa mlima, hata ofisi ya Seneta Barack Obama ikaingilia kati. Wakamshukuru kwa wimbo katika sahani ya 2007. Na asiye na seneta je? Mpiga ngoma wao aitwa Onyango Wuod Omari, mwana wa Omari. Sisi wenye akina Omari tele majumbani twajua jina hilo litazamwavyo dirishani.

Haki nayo isemwe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowafika wanamuziki hawa, mashabiki wa Marekani walichanga fedha za kuwasaidia. Sahani ya 2009, Thank You Very Quickly, imebeba shukrani hiyo katika jina lake. Fedha hazikuulizwa visa.

Tulipofika Bungoma kijana akazima simu. Ajifunza litungu, akanambia, na siku moja angependa kulipiga huko Marekani. Nikamwuliza kama ana pasipoti.

Akacheka, akashuka.