Tusimcheke Mgeni Anayetwanga Muthokoi

Nina dukuduku la kutoa katika jarida letu la mwaka huu. Jambo nililo nalo si la siasa wala la mapenzi, ambayo najua ndiyo wengi hukimbilia kusoma kwanza. Ni la jikoni. Hata hivyo, ndugu msomaji, usifungue ukurasa mwingine kabla hujanisikiliza.

Likizo ya Agosti iliyopita, wageni wawili wa kujitolea walifika kijijini kwetu, mteremko wa chini kutoka soko la Muthetheni. Mmoja alikuwa msichana wa Ujerumani na mwingine kijana wa Marekani. Walikuja kusaidia kikundi cha akina mama kujenga bwawa la mchanga, yaani ule ukuta wa mawe na saruji unaokinga mto wetu wa msimu ili mchanga ujae na maji yabaki ndani yake wakati wa kiangazi. Jumamosi moja wakamwomba nyanya yangu awafundishe kupika muthokoi.

Kwa walimu wetu waliotoka mbali, muthokoi ni mahindi makavu yaliyotwangwa mpaka ganda likatoka, kisha yakachemshwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Githeri mnayotuona tukila hapa shuleni saa ya mchana ni ndugu yake, ila githeri huvaa koti na muthokoi umevua.

Nyanya alipima gorogoro mbili za mahindi, akayanyunyizia maji kidogo, akayatia kinuni. Akatwanga mara chache wamwone, kisha akampa yule kijana mchi. Jameni! Kijana aliuinua juu kama mtu anayepasua kuni, akaushusha kwa nguvu zake zote. Mahindi yakaruka nje, kuku wakafanya sherehe. Baada ya robo saa tulichungulia kinuni tukakuta chenga tupu, na viganja vyake vimeanza kutoa malengelenge.

Watoto wa jirani walijaa uani wakicheka mpaka machozi, na mimi nilikuwa mbele yao. Nilicheka zaidi kwa sababu alikuwa mwanamume. Kwetu mvulana akishika mchi ataimbiwa na wenzake mwezi mzima. Nikasema kwa sauti, "Ati huyu ndiye wa kutujengea bwawa, na mahindi yamemshinda!"

Nyanya hakucheka. Alinitazama akaniambia, "Wewe unayejua, njoo basi umwonyeshe mwenzako."

Lo! Niliushika ule mchi kwa aibu. Sikumaliza hata dakika tano. Chenga zangu zilikuwa ndogo kuliko za mgeni. Sasa wale watoto wakapata wa kumcheka kwa haki, maana mgeni ana sababu ya kutojua, lakini mimi nimezaliwa nyumba ya pili kutoka kwenye hicho kinu. Ama kweli nyani haoni kundule.

Baada ya hapo nyanya alitufundisha sote watatu. Alisema mchi haupigwi, unaachwa ushuke kwa uzito wake. Ule unyevu kidogo hulegeza ganda, na mahindi yakisuguana yanavuana nguo yenyewe. Alitwambia tusikilize mlio: ganda likitoka, kinu hubadilisha sauti. Yule msichana wa Ujerumani alikuwa wa kwanza kuisikia. Tukaanika, tukapepeta, wishwa tukawapa kuku, na zile chenga zikawa uji. Muthokoi ulilowekwa usiku kucha, ukachemka Jumapili tangu asubuhi. Ulikuwa mgumu kidogo na chumvi ilizidi, lakini sahani zilirudi tupu.

Hoja yangu ya kwanza ni hii. Wageni wa kujitolea wamekuja nchini mwetu tangu zamani. Wale wa Peace Corps kutoka Marekani walianza kuja Kenya miaka ya 1960, uhuru ukiwa mchanga, na wengi walifundisha katika shule za sekondari, mpaka kazi yao hapa iliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Kila mara wanapokuja, wao huwa walimu na sisi wanafunzi. Lakini jikoni mambo hugeuka. Pale kinuni nyanya yangu, ambaye hakumaliza darasa la nne, alikuwa mwalimu, na watu wenye digrii walimsikiliza wima. Mgeni anayekubali kushindwa mbele ya watoto ametupa heshima kubwa. Tukimcheka, tunamfukuza darasani nyanya mwenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2004, kabla wengi wetu hatujazaliwa, mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini yaliwapata watu wetu. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, na Machakos pia haikuponyoka. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008 walipima mahindi kabla na baada ya kukobolewa kuwa muthokoi, wakaona kwamba kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa karibu nusu. Sisemi kwamba kinu ni dawa. Mahindi yaliyoota ukungu ni ya kutupwa, basi. Ila wazee wetu hawakuwa wakijichosha bure kulitoa lile ganda, na ujuzi wa namna hiyo si wa kufanyia mzaha.

Najua wenzangu wa Form Three watanipinga. Wapo watakaosema kwamba wageni wanachezea chakula mahali ambapo mvua hukosekana msimu baada ya msimu, na kwamba wanataka picha tu za kupeleka kwao. Mahindi ya kiangazi si ya mchezo, nakubali, na picha iombwe kwanza. Lakini hata punje moja haikupotea siku ile, kuku ni mashahidi. Wapo pia watakaosema siku hizi kuna mashine ya kukoboa sokoni, ya nini kuumia? Mashine ni nzuri, na sitamwambia mama yangu atwange ilhali amechoka na shamba. Tena kama kinu ni kizito, hiyo ni sababu ya sisi wavulana kukishika, badala ya kukaa ukutani tukicheka.

Wageni walipoondoka, nyanya alikiosha kinu akakiegemeza ukutani. Aliniambia, "Hawa wamerudi kwao na wamejua. Wewe unabaki hapa. Mimi nikienda, nani atakisikia?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kila Jumamosi natwanga gorogoro moja. Chenga zinapungua, ingawa ule mlio bado sijausikia sawasawa.

Ndiyo sababu naomba Chama chetu cha Kiswahili muhula ujao kila mwanachama, mvulana kwa msichana, aende kwa mzee wa kwao akajifunze chakula kimoja kwa mikono yake, kisha atuandikie hapa alivyopika na alivyoshindwa. Na mgeni mwingine akija Muthetheni akataka kutwanga, tafadhali mpe mchi. Ukishindwa kujizuia kucheka, cheka, lakini uwe wa pili kwenye foleni ya kinu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona kidogo. Naomba kutia nanga hapa.