Oili Chafu ya Buyenzi Ipelekwe Wapi? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa OBPE, Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Ninaishi Buyenzi, mtaa ambao gari likiharibika popote Bujumbura, mwenyewe huambiwa alilete huku. Pita asubuhi kwenye avenyu zetu utakuta mafundi wamelala chini ya Toyota za zamani, wanafanya vidanje, yaani kubadilisha oili ya injini. Gari dogo hutoa lita nne hivi za oili chafu. Lori hutoa nyingi zaidi. Nakuandikia kwa ajili ya lita hizo.

Sheria tunazo. Kanuni ya Maji ya 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kanuni ya Mazingira ya 2000 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2021. Mkataba wa ziwa, uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unazitaka nchi zote nne zizuie uchafuzi, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa mjini. Lakini mita 150 zinapimwa kuanzia ziwani, na gereji zetu ziko mbali na mstari huo. Oili ikimwagwa nyuma ya gereji inaingia mtaroni, mtaro unaishia kwenye mto Ntahangwa, na mvua kubwa ya kwanza inaifikisha ziwani bila kumuuliza mtu kibali.

Ziwa lenyewe ndilo linalonitia hofu. Lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yanayolitoka huondoka kwa mvuke. Risasi, zinki na vumbi la chuma lililosagika ndani ya injini havipandi na mvuke. Vinabaki, na mwakani vinaongezewa vingine. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo mukeke na ndagala wanaishi kwenye tabaka la juu, lile lile ambalo oili huelea juu yake. REGIDESO, shirika la maji, nayo inavuta humo humo maji tunayokunywa. Nani asiyejua hayo katika ofisi yako? Nayarudia kwa sababu mjini bado kuna watu wanaoamini kwamba ziwa kubwa kiasi hiki haliwezi kuchafuka.

Kila mafuta na ziwa vikitajwa pamoja, mazungumzo hukimbilia visima. Kampuni ya Amoco ilichimba bonde la Rusizi miaka ya 1980, isipate kitu cha kuuza. Kongo ilitangaza mnada wa vitalu vyake vya mafuta mwaka 2022, ikaufuta 2024. Visima vinahitaji kuangaliwa, sikatai, lakini ni hatari ya kesho au ya keshokutwa. Oili ya gereji inashuka leo.

Mheshimiwa, usitutumie wakaguzi wenye vitabu vya faini kwanza. Fundi akitozwa faini, atasubiri giza liingie ndipo amwage. Wengine hawamwagi hata sasa: oili chafu hupakwa kwenye nguzo na mbao ili mchwa wasizile. Inayobaki ndiyo haina pa kwenda, kwani sheria inakataza kumwaga na haimwonyeshi fundi pa kupeleka. Kuipeleka kwenye bomba la majitaka nako ni kosa lile lile: mabwawa ya Buterere yanayosafisha majitaka yanategemea vijidudu, na oili huvinyima hewa.

Nchi nyingine zimeanzia kwa anayeingiza oili mpya. Afrika Kusini, tangu 1994, kampuni zinazouza vilainishi zinachangia mfuko unaogharamia ukusanyaji wa oili iliyotumika. Kenya, kwa sheria yake ya taka ya 2022, inamtaka mwenye kuleta bidhaa sokoni awajibike mpaka inapogeuka taka. Sisi tuna njia nyepesi kuliko zao: oili ya injini inatoka nje, inapita mikononi mwa OBR, mamlaka ya mapato, inahesabiwa. Tozo ndogo kwa kila lita inayoingia ingelipia mapipa yenye vifuniko, sakafu ya zege yenye ukingo wa kuzuia kinachovuja, na lori la kuyabeba. Ukingo kama huo si jambo geni: Marekani, tangu 1974, kanuni ya shirikisho inamlazimu mwenye kuhifadhi zaidi ya lita 5,000 hivi za mafuta awe na mpango na kizuizi cha kumwagika. Gereji zetu hazifikii kiasi hicho moja moja, ila zikihesabiwa kwa mtaa mzima sidhani kama zinapungukiwa.

Naomba pipa la kwanza liwekwe Buyenzi kabla ya mvua zijazo, na ofisi yako itangaze wazi ni nani atakayelikusanya na litaishia wapi, maana pipa lisilo na mwenyewe nalo litamwagwa Ntahangwa. Tangazo hilo lisiandikwe kwa Kifaransa peke yake. Liandikwe kwa Kiswahili na Kirundi, na libandikwe kwenye maduka ya oili mpya, kwa kuwa fundi hupita hapo kwanza kabla hajafungua injini.

Wako,
Mkazi wa Buyenzi, Bujumbura